Taa ya Marrakesh, dari la Mbezi: mwongozo kamili wa kupamba nyumba kwa mawazo ya safari

Taa niliyonunua Marrakesh, Moroko, ilisafiri mapajani mwangu kutoka Casablanca hadi Dar es Salaam, nimeizungushia khanga mbili kama mtoto mchanga. Ni ya shaba, tumbo kama boga, imetobolewa vitundu mamia kwa msumari na nyundo. Dukani ilimwaga nyota ukuta mzima. Nilipoitundika sebuleni kwangu Mbezi sikuona nyota hata moja. Kilichokuwepo ni bakuli la chuma linaning'inia katikati ya chumba, na jioni hiyo hiyo shemeji yangu, ambaye Mungu kamjalia urefu, aliligonga kwa paji la uso.

Fundi umeme alikuwa hajamaliza kukunja ngazi. Akaitazama taa, akanitazama mimi. "Dada, hii ni ya kuwasha au ya kuangalia?"

Ilinichukua muda kulipata jibu. Duka lile lilikuwa na giza saa sita mchana. Kuta zake nyeupe zilikuwa karibu, ukinyoosha mkono unazigusa. Ndani ya taa mlikuwa na balbu ya kioo kisafi yenye uzi mwembamba. Mwanga ukitoka kwenye nukta moja ndogo na kupita tunduni, huchora ukutani mchoro mkali. Balbu niliyoweka mimi ni ile ya LED ya rangi ya maziwa: inatoa mwanga uso mzima, miali inapishana, mchoro unafutika kabla haujafika ukutani. Na juu ya hayo nilikuwa nimewasha taa ndefu ya dari. Nilinunua taa, giza lake nikaliacha Marrakesh.

Mwongozo huu umezaliwa na kosa hilo na mengine yaliyofuata. Ni wa mtu mwenye nyumba ya kawaida, ya kwake au ya kupanga, anayesafiri kikazi, kimasomo, kwa hija au kutembea tu, naye angependa nyumba yake ipate fungu lake la safari.

Hatua ya 1: Pima nyumba yako kabla ya kufunga sanduku

Nunua tepu ya mita 5. Andika urefu na upana wa kila chumba, kimo cha dari, upana wa milango (kabati lisilopita mlangoni ni hasara ya wengi), na unene wa kuta. Kisha simama kila dirishani na dira ya simu, uandike linaelekea wapi.

Hapo usiwe na haraka. Kwa Dar es Salaam, jua la adhuhuri hupita upande wa kusini kuanzia karibu katikati ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, na miezi iliyobaki hupita kaskazini. Hata hivyo jua hilo liko juu ya paa. Linalotutesa ni la asubuhi na la alasiri, linaloingia likiwa limelala kupitia madirisha ya mashariki na magharibi. Upepo wa kusi unakuja kutoka kusini na kusini mashariki, kaskazi kutoka kaskazini mashariki. Ukishajua dirisha gani linapokea upepo gani, umejua chumba gani kisiwekewe kabati mbele ya dirisha.

Halafu andika kero. Ndoto ziache kwanza. Kwangu zilikuwa tano: viatu vinarundikana mlangoni, mtu akibisha hodi na mlango ukifunguliwa, anaona hadi chumba cha kulala, jua la saa kumi linachoma jikoni, usiku sebule inafanana na duka la dawa, na wageni wakizidi sita hakuna pa kuwakalisha. Orodha hiyo ndiyo utakayosafiri nayo.

Hatua ya 2: Angalia latitudo

Hili sijaona watu wakilisema, nami naliona ndilo linaloamua mengi. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta. Colombo, Sri Lanka, iko karibu nyuzi 7 kaskazini. Recife, Brazili, iko nyuzi 8 kusini, sawa na kisiwa cha Mafia. Watu wa miji hiyo wanatokwa na jasho la aina yetu, chumvi ya bahari inakula vyuma vyao vya madirisha kama inavyokula vyetu, na mvua yao inakuja kwa ghadhabu ile ile. Ukitaka kujifunza kivuli, upepo na mvua, kajifunze kwao.

Marrakesh iko nyuzi 31 kaskazini na mbali na bahari. Ua wa katikati ya nyumba za kule, riad, unapoza nyumba kwa sababu usiku wa kule unapoa kweli. Hewa baridi hushuka uani na kukaa hadi mchana. Pwani yetu tofauti ya usiku na mchana ni ndogo, kwa hiyo ua bila upepo ni sufuria lenye kifuniko. Copenhagen, Denmaki, nyuzi 55 kaskazini, wanajenga ili kukamata jua na kulifungia ndani. Ukuta mzima wa kioo ulioupenda kule, ukiuhamishia Kigamboni upande wa magharibi, utalipa bili ya umeme ya kiyoyozi mpaka uuze gari. Ila kwa mwanga wa usiku, hao ndio walimu, nitafika huko.

Walio milimani wana hesabu yao. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kwa baridi ya Julai zulia la sufu ni kitu cha maana pale, kama ilivyo Mbeya au Bukavu. Zulia hilo hilo likiwekwa Tanga litanuka uvundo masika ya kwanza.

Hatua ya 3: Ukifika, kaa

Dakika 20 za kwanza simu ibaki mfukoni. Angalia watu wanakaa kimo gani, kikombe wanakiweka wapi, mwanga unatokea wapi, viatu viko wapi, na mtoto anacheza wapi. Ukishaona, pima. Si lazima utoe tepu kwenye nyumba ya watu. Wazee wetu walipima kwa shibiri na dhiraa, na mkono unao. Shibiri yangu, toka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, ni sentimita 20. Nakaa kochini, naweka mkono pembeni kana kwamba naegemea, tayari nimejua kimo cha kiti.

Muscat nilikaa kwenye majlis, kile chumba cha kupokea wageni ambacho Oman, Emarati, Saudia na Qatar walikiingiza kwa pamoja kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2015. Mito imepangwa chini kuzunguka kuta tatu, unene wake shibiri moja, ya kuegemea mgongo shibiri mbili. Katikati hakuna kitu. Sinia la halwa na tende linaingia, linazunguka, linatoka. Hakuna anayempa mwenzake mgongo, na mwenye nyumba akikaa mahali pake anaona kikombe cha kila mtu.

Nikawaza sebule zetu. Makochi makubwa matatu, meza ya kioo katikati, pembeni stuli zake nne. Watu sita wakiingia, wa saba anakaa mkononi mwa kochi. Kisha siku ya msiba au khitma tunafanya nini? Tunayatoa makochi yote nje na kutandika mikeka. Yaani siku zenye watu wengi tunarudi kwenye mpangilio wa majlis wenyewe, tukiwa tumechoka kubeba. Niliporudi niliuza kochi moja kubwa. Upande ule wa ukuta nikaweka magodoro manne ya sponji, kila moja sentimita 60 kwa 90, unene 20, yaliyoshonewa foronya za kitambaa kizito chenye zipu ili zifuliwe. Chini yake nilitandika mkeka wa ukindu. Upande huo sasa wanakaa watu sita, na watoto wakilala hapo hawadondoki mbali.

Hatua ya 4: Chukua kero moja, ifuatilie nchi tatu

Hii ndiyo hatua ninayoitegemea kuliko zote. Wazo la nchi moja huwa linakuja na mapambo yake, nawe unashindwa kutenganisha. Ukiona nchi tatu zimetatua kero ile ile, mapambo yanadondoka na utaratibu unabaki.

Chukua mlango. Kyoto, Japani, kuna nyumba za zamani za wafanyabiashara, machiya, nyembamba usoni na ndefu kwenda ndani, hata wenyewe wakaziita malazi ya mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka. Ukivuka mlango unasimama genkan: sakafu ya saruji au mawe, iko chini kuliko nyumba. Unavua viatu pale, vinageuzwa vielekee nje, ndipo unapanda kwenye mbao. Kidaraja kimoja tu, na vumbi la mjini limeambiwa liishie hapo.

Marrakesh, mlango wa riad ukifunguliwa huoni ua. Unaona ukuta. Njia fupi inakata kona, na nyumba inajitokeza baada ya kona.

Lamu ni vivyo hivyo, na pale hatuhitaji mkalimani. Nje kuna daka lenye mabaraza ya mawe pande mbili, mgeni anakaa kivulini akisubiri. Ukiruhusiwa kuingia, njia inapinda kabla haijakufikisha kiwandani, na kiwanda cha Lamu ni ua wa ndani, hakina moshi wala zamu za usiku. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2001, lakini somo la mlango wake tulilisahau siku tulipoanza kujenga nyumba ambazo mlango wa mbele unafunguka usoni pa televisheni.

Kwa hiyo nchi tatu zinasema: mtu asimame kwanza, viatu vibaki, macho yasipite. Hivi ndivyo nilivyofanya kwenye nyumba ambayo sakafu haiwezi kushushwa. Nilibandua vigae vya kuanzia mlangoni hadi mita 1.1 ndani, nikaweka vya kijivu visivyoteleza. Rangi inayobadilika mguuni inamwambia mgeni "vua hapa" bila wewe kufungua mdomo. Ubavuni nikaweka benchi la mninga la urefu wa mita 1.2, kimo sentimita 42, kina sentimita 35. Kina hicho kinatosha kwa sababu kiatu cha mwanaume mara nyingi hakizidi sentimita 32. Chini ya benchi kuna rafu mbili za viatu. Mwisho wa vigae vya kijivu nikasimamisha kiwambo cha fito: upana mita 1.2, kimo mita 1.9, kila ufito sentimita 4, nafasi kati yake sentimita 2. Mwanga unapita, upepo unapita, jicho la mleta maji linaishia kwenye fito. Acha walau sentimita 90 za kupita pembeni, la sivyo siku ya kuingiza friji utakibomoa mwenyewe.

Mpangaji asibandue kigae cha mtu. Mkeka mgumu wa rangi tofauti, benchi, na rafu ya vitabu isiyo na mgongo iliyosimamishwa kama kiwambo na kufungwa ukutani isiangukie watoto, kazi imekwisha.

Kero ya pili ninayopenda kuifuatilia hivi ni ya vitu vya kuonyesha. Japani wana tokonoma, kidaka kikubwa ukutani kinachowekwa picha moja ya kuning'iniza na ua moja, na picha hubadilishwa majira yakibadilika. Lamu wana zidaka, safu kwa safu za vidaka vidogo vya plasta ya chokaa kwenye ukuta wa chumba cha ndani, vikiwa na sahani na bakuli za kauri. Mmoja anaonyesha kitu kimoja, mwingine vitu vingi ndani ya mpangilio mkali. Kabati letu la vioo haliko kwa huyu wala kwa yule: kuna kikombe cha mashindano ya shule, maua ya plastiki, picha ya mahafali, na chupa tupu ya manukato. Vitoe vyote. Rudisha kimoja kila mwezi, au chonga visanduku vya mbao vya ukubwa mmoja, sentimita 25 kwa 30, uvipange kwa safu na kila kimoja kipewe kitu kimoja.

Usithubutu kuchimba zidaka kwenye ukuta wa tofali la inchi 6. Kuta za mawe za Lamu ni nene, nusu mita hivi, ndiyo maana zilivumilia. Na nguzo au linta haiguswi kwa nyundo, hata fundi akikuapia.

Hatua ya 5: Mwanga wa usiku

Desemba Copenhagen ina saa 7 hivi za mchana. Watu wanaoishi hivyo wanalazimika kuujua usiku. Mmoja wao, Poul Henningsen, alianza miaka ya 1920 kubuni taa yenye vifuniko vitatu vilivyopangwa ili jicho lisiione balbu kutoka upande wowote, mwanga ukishukia mezani na mwingine ukienda ukutani kwa upole. Taa yake ya mwaka 1958, PH 5, mpaka leo inaning'inia juu ya meza za kulia za Wadenmaki. Jioni nyumbani kwao utaona vijimwanga vitatu, vinne, kila kimoja chini na karibu na mtu. Ya dari wanaisahau.

Sisi usiku wetu ni saa 12 mwaka mzima. Jua linazama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni, iwe Januari iwe Julai. Tuna sababu kubwa kuliko wengi ya kuujali mwanga wa usiku, nasi tumeukabidhi kwa taa moja nyeupe katikati ya dari, inayomfanya kila mtu aonekane mgonjwa.

Kwa sebule ya mita 4 kwa 5, fanya hivi. Soma namba yenye herufi K kwenye boksi la balbu. 6500K ni ile nyeupe ya duka la dawa; wewe chukua 2700K, au 3000K ikikosekana. Jikoni 4000K inafaa, maana unataka kuona mchele na mawe. Tundika taa moja juu ya meza ya kulia, ukingo wake wa chini uwe sentimita 60 juu ya meza. Hapo hata mtu mrefu haigongi kwa sababu meza inamzuia (hili nililijua baada ya shemeji). Weka ya pili ya kusimama kando ya kiti cha kusomea, balbu ikiwa usawa wa macho ya aliyekaa, mita 1.1 au 1.2, na iwe na kifuniko. Ya tatu iwe chini kabisa, nyuma ya chungu cha ua au ndani ya rafu. Balbu za LED za wati 5 hadi 7 zinatosha, na kila moja iwe na swichi yake. Ya dari ibaki kwa siku ya kutafuta hereni iliyopotea.

Kama unanunua taa nje, angalia mambo mawili kabla ya kulipa. Umeme wa Japani ni volti 100 na wa Marekani 120. Wa kwetu ni 230, kwa hiyo taa ya huko ibadilishwe waya na holda na fundi umeme anayejua kazi. Na taa nyingi za Ulaya na Moroko ni za balbu ya skrubu, wakati nyumba nyingi za kwetu zina holda za pini.

Hatua ya 6: Ukuta unaopumua

Ahmedabad, Gujarati, India, kuna msikiti mdogo wa Sidi Saiyyed uliojengwa miaka ya 1572 na 1573. Aliyeujenga alikuwa Mhabeshi, mtu wa asili ya Afrika upande wetu. Madirisha yake ni jiwe lililochongwa matundu mpaka likawa mti wenye matawi yanayosukana, na jua la nje linaingia limekatwakatwa, halichomi. Upepo haukuulizwa kitambulisho. Aliye nje kwenye mwanga haoni ndani kwenye kivuli, aliye ndani anaona nje.

Mwaka 1929 kule Recife wanaume watatu, Coimbra, Boeckmann na Góis, walitoa tofali la saruji lenye matundu na kulipa jina kwa kuunganisha mwanzo wa majina yao: cobogó. Tembea majengo ya zamani katikati ya Dar es Salaam uangalie ngazi zake, utawakuta ndugu wa tofali hilo wamesimama pale miongo mingi, wamepakwa rangi juu ya rangi. Mtaani wapo mafundi wanaozifyatua bado. Tulizidharau tulipopata madirisha ya aluminiamu.

Mimi niliziweka upande wa magharibi wa varanda ya jikoni, eneo la mita 1.2 kwa 1.5, na lile jua la saa kumi likafika kwenye jiko likiwa vipande vipande. Masharti: juu yake iwepo linta, maana tofali hizi hazibebi uzito, paa lizidi ukuta kwa sentimita 60 au zaidi, la sivyo mvua ya masika itaingia kama mgeni rasmi, na wavu wa mbu ufungwe ndani kwenye fremu inayochomoka, kwa sababu vumbi litakaa kwenye matundu na utahitaji kuosha kwa bomba. Usiziweke chumba cha kulala kinachotazama barabara. Kelele nayo inapita.

Ukifika Colombo, nenda kaione nyumba ya msanifu Geoffrey Bawa, nyumba nne ndogo za uchochoroni alizoziunganisha zikawa moja. Kila korido inaishia kwenye mwanga: kijiua kidogo, mmea mmoja, anga juu. Kwetu korido inaishia kwenye mlango wa choo. Huwezi kufungua paa, lakini unaweza kuweka mwisho wa korido taa ndogo inayomulika ukuta, au kioo kinachorudisha mwanga wa dirisha.

Hatua ya 7: Rangi haisafiri vizuri

Bluu ya Marrakesh, ile ya bustani iliyoanzishwa na mchoraji Mfaransa Jacques Majorelle na kununuliwa mwaka 1980 na mbunifu wa mavazi Yves Saint Laurent na mwenzake Pierre Bergé, inang'aa kwa sababu iko nje, imezungukwa na kijani na kumwagiwa jua kavu. Jirani yangu aliipaka chumba kizima chini ya LED nyeupe, akapata duka la vocha.

Aliyeielewa rangi ni msanifu majengo Luis Barragán wa Mexico. Kwenye nyumba aliyojijengea jijini Mexico mwaka 1948 rangi kali inakaa ukuta mmoja, na jua likiupiga, ukuta mweupe wa jirani unaona haya, unageuka waridi kidogo. Iga hilo: paka ukuta ule unaopigwa na jua la asubuhi, mwingine uache mweupe, nawe utapata rangi mbili kwa ndoo moja.

Picha ya simu inadanganya rangi. Kabla ya safari chukua kadi ya rangi kwenye duka la rangi la mtaani kwako, uende nayo. Ukiona ukuta ulioupenda, weka kadi juu yake, andika namba. Ukirudi nunua kopo dogo, paka ubao wa sentimita 60 kwa 60 mikono miwili, uuegemeze ukutani siku tatu, uutazame asubuhi, adhuhuri na taa zikiwa zimewaka. Nimeokoa pesa nyingi kwa ubao huo kuliko kwa punguzo lolote la dukani.

Hatua ya 8: Cha kubeba na cha kuacha

Beba vidogo vinavyoguswa kila siku. Vishikio vya kauri vya Jaipur, India, havina uzito, na kabati za jiko zikibadilishwa vishikio zinakuwa jiko jingine. Pima tu unene wa mlango wa kabati ili skrubu zitoshe. Vitambaa vinakunjika. Bakuli moja la chumvi. Mashirika mengi ya ndege yanakupa kilo 23 kwa begi la daraja la kawaida, na nusu yake utaimalizia kwa zawadi za ndugu, hilo tusidanganyane.

Acha pembe, magamba ya kasa na matumbawe. Mpingo na jamii yake yote ya Dalbergia uko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2017, kwa hiyo uliza kuhusu kibali kabla hujavuka mpaka na samani ya mbao nyeusi. Kifaa cha mbao chenye vitundu na vumbi kama unga chini yake kina wadudu hai; hata kikiwa cha bure, wataanza na kifaa na kumalizia kenchi. Zulia la sufu lianikwe juani pande zote mbili na kupigwa fimbo kila baada ya miezi michache, kwa sababu nondo wanalipenda. Nondo wadudu, nasema. Zile za chuma zina adui yao, chumvi.

Na vitu vya ibada viulizwe heshima yake kwanza. Kichwa cha Buddha hakikai chooni, na mswala si zulia la mlangoni. Tunajua maumivu hayo. Milango ya nakshi ya Zanzibar iko ughaibuni imelazwa chali, imewekewa kioo juu, watu wanakunywea kahawa.

Hatua ya 9: Ongea na fundi kwa namba

Picha ya simu isiyo na vipimo ndiyo mama wa ugomvi. Fundi atasema "nitakutolea kama hii hii", na kweli atatoa kama hii, kwa ukubwa wa mbao alizonazo. Chora, hata kama huna mkono wa kuchora: mstari, na namba tatu, urefu, upana, kina. Ulizia mbao kama zimekauka, kwa sababu mninga mbichi utapinda ukiwa tayari sebuleni. Omba akutengenezee kipande kimoja kwanza, ufito mmoja, kidaka kimoja. Lipa kwa awamu, na ya mwisho ibaki mpaka kifaa kimefungwa mahali pake.

Kisha muulize yeye anaonaje. Seremala wa Keko aliyenitengenezea kiwambo aliutazama mchoro wangu wa Kyoto na kusema, "Dada, hiki kiinue vidole viwili kutoka chini. Nyie si mnapiga deki?" Nilikuwa nimepima kila kitu kule isipokuwa ndoo ya maji ya kwetu. Tukakiinua sentimita 3, tukakiwekea vikanyagio vya chuma kisichoshika kutu, na mbao hazijaoza.

Fanya kero moja kwa wakati mmoja na uishi nayo mwezi kabla ya kugusa nyingine. Mimi nilianza na mlango, nikaenda kwenye mwanga, kisha jikoni. Taa ya Marrakesh ndiyo ilikuwa ya mwisho. Niliihamishia kwenye kijia cha nyuma ya kiwambo, chenye upana wa mita 1.3, kuta nyeupe pande zote mbili, dari lipo juu ya kutosha kuitundika mita 2.1 kutoka sakafuni, nikaweka balbu ya kioo kisafi yenye uzi. Nyota zimerudi. Shemeji anapita chini yake bila kuinama, tena siku hizi anasimama kidogo kuzitazama, amevaa viatu.